Kula Dar kwa Saa Yake: Safari ya Masika Kutoka Dodoma

Nina mgahawa mdogo Dodoma. Tangu wizara zihamie huku, meza zangu nyingi hukaliwa na watu waliozoea kula Dar es Salaam, na haipiti Ijumaa bila mmoja wao kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba biriani yangu ni tamu ila si ya Dar. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nilifunga jiko nikaenda kuila hiyo ya Dar, pamoja na vingine vyote wanavyovitaja. Wifi yangu anaishi Ilala. Ndiye aliyenipokea na kunizungusha. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mwenyewe.

Alhamisi: kwa reli hadi Mtaa wa Libya

Nilipanda SGR, daraja la kawaida, shilingi 31,000. Kwa atakayefuata: beba kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye tiketi, na fika stesheni mapema, kwa sababu ukaguzi wa mizigo una foleni yake na treni haimsubiri mtu. Kutoka Kilosa mpaka Pugu nililala.

Stesheni ya Dar imebuniwa kwa umbo la jiwe la tanzanaiti, na ukitoka mlangoni joto la pwani linakushika shingo papo hapo. Wifi alikuwa nje na mwavuli. Tukapeleka mizigo Ilala, nikaoga, nikataka tuondoke mara moja kwenda kula. Akakataa. "Wifi, tunakoenda hakuliwi na jua. Tulia mpaka baada ya magharibi."

Tulikokwenda ni Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, katikati ya mji. Meza zinatandazwa nje kabisa, moshi unavuka barabara, na familia nzima nzima, Wahindi, Waswahili, Waarabu, wanakaa bega kwa bega. Tuliagiza kuku wa sekela, mishkaki na naani. Kuku alikuja na ukali wa ndimu unaofika kabla ya pilipili, ngozi imeshika moto lakini mfupani bado kuna majimaji. Nilisogea karibu na jiko kuangalia. Mchomaji hakuwa na haraka na nyama hata kidogo. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga mkaa, akiusukuma ule uliokolea upande mmoja na kuacha ule mpya ushike upande wa pili. Nyama ilipita pale kwa zamu. Nikaelewa kwa nini wifi hakutaka twende mapema: mkaa uliokwisha kukolea ndio unaopika pale, na mkaa hukolea watu wanapojaa.

Ukienda, fika mnamo saa moja na nusu usiku. Kuanzia saa tatu kupata meza ni kazi. Chukua fedha taslimu, na vaa nguo ambayo hutajali ikibaki na harufu ya moshi.

Ijumaa: mvua, Jangwani, na sufuria ya uani

Mpango ulikuwa biriani Magomeni. Mvua ilianza alfajiri, na kufika saa nne redio ikatangaza kwamba Mto Msimbazi umejaa na barabara ya Jangwani imefungwa. Anayeijua Dar anajua maana yake: Magomeni iko ng'ambo, unaiona, na hufiki. Wifi akasema tutembee tu mpaka Kariakoo, tutaona huko huko.

Tulifika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, tumelowa hadi magotini, tukajibanza kwenye baraza la duka la vitenge. Kijana mmoja mbeba mizigo, naye kajikinga pale na gunia kichwani, akatuuliza tunatafuta nini katika mvua ile. Wifi akamwambia ukweli: huyu mgeni katoka Dodoma kufuata biriani. Kijana akaangalia saa ya simu yake. "Bado. Subirini watu watoke msikitini, halafu nitawapeleka." Tukasubiri pamoja karibu nusu saa, akitueleza bei za kubeba marobota kupanda ghorofa ya tano.

Kariakoo sasa ni maghorofa, lakini katikati yake zimebaki nyumba chache za Kiswahili, zile za ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Kijana alituingiza kwenye mojawapo. Hakuna kibao nje, hakuna jina. Uani, chini ya mabati, kulikuwa na mama wa makamo amejifunga khanga, mbele yake masufuria mawili juu ya majiko ya mkaa, na wanaume waliotoka kuswali wakinawa mikono kwa zamu kwenye ndoo yenye bomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni kwenye mkeka huo, umekauka."

Sahani ilikuwa shilingi 6,000. Wali umepigwa rangi ya zafarani kwa mistari, mwingine mweupe, mwingine wa manjano, kila punje imesimama peke yake. Rojo la nyama limewekwa kando, zito, la rangi ya udongo, na kiazi kizima kilichokaangwa kwanza kabla ya kuingia humo. Kachumbari, pilipili mbuzi ya kukaanga, ndizi mbivu moja. Nilikula vijiko vichache vya kwanza bila kusema neno. Uchachu ulikuwa wa mtindi, si wa nyanya; na chini ya uchachu kulikuwa na utamu wa kitunguu uliotulia, usiokaribia kabisa utamu wa sukari.

Nilipomwambia mama kwamba mimi pia napika, aliinuka akafunua sufuria. Akanionyesha kila kitu kama anamwonyesha binti yake. Vitunguu hukaangwa usiku wa Alhamisi, vingi mno, mpaka viwe kahawia na vikavu, halafu vinatandazwa kwenye ungo ili visirudi kuwa laini. Nyama inalala kwenye mtindi, tangawizi, saumu na papai bichi lililosagwa. Alfajiri ndipo nyama inapanda jikoni, bila tone la maji, na vitunguu vinavunjwavunjwa kwa mkono na kuingia sehemu kwa sehemu. Mafuta yaliyokaangia vitunguu hayamwagwi. Ndiyo yanayokwenda kwenye wali. Na wali wenyewe unafunikwa kwa makaa juu ya mfuniko hutuba ikikaribia kwisha, ukija kufunuliwa watu wameshafika.

Hapo ndipo nilipopata nilichokifuata. Viungo vyake vyote ninavyo Dodoma. Nisichokuwa nacho ni ile saa. Yule mama hupika Ijumaa tu, na sufuria yake huliwa yote kati ya saa saba na saa nane na nusu. Wali haupati muda wa kukaa, rojo halipati muda wa kuchemka tena na tena. Kwangu sufuria hukaa motoni tangu saa tano mpaka saa kumi, kwa kuwa mtu wa ofisini anakuja saa anayopata nafasi, na kufikia hapo vitunguu vimeyeyuka vyote na rojo limekuwa mchuzi wa kawaida.

Kijana tulimlazimisha akae ale nasi. Pesa alikataa, akasema sahani imetosha. Mama naye, tulipoaga, alinifungia vitunguu vyake vikavu kwenye mfuko wa nailoni: "Ukifika kwako, vionje kwanza, halafu ukaange vyako mpaka vifanane na hivi."

Siwezi kuwaelekeza nyumba ile, kwa sababu mama hakupenda itangazwe. Lakini Ijumaa baada ya swala, katika Kariakoo, Ilala au Magomeni, muulize mtu anayefanya kazi mtaani badala ya kutafuta kibao. Atakupeleka.

Jumamosi: Feri alfajiri, Mikocheni usiku

Mvua ilikatika usiku. Tulipanda mwendokasi Gerezani hadi Kivukoni, shilingi 750, tukashuka mlangoni kwa soko la samaki la Feri giza likiwa linaondoka. Soko la sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na lina sehemu zake: mnada upande wa baharini, wauzaji wa rejareja, waparaji, na mwisho kabisa wakaangaji na makarai yao.

Mnada hauna nafasi ya mgeni kuuliza maswali. Fungu linamwagwa sakafuni, bei inapandishwa kwa sauti na kidole, na limeshaondoka. Tulisimama nyuma ya akinamama wenye ndoo, tukaona changu, vibua, nguru mmoja mrefu, na pweza waliorundikwa. Muuzaji mmoja alituambia bei ziko juu kwa sababu kusi imeanza kuvuma na mashua ndogo haziendi mbali. Tulinunua kolekole wa kama kilo moja kwa 12,000, mparaji akachukua 1,000, mkaangaji 2,000.

Huyo mkaangaji, dada mwenye mikono iliyozoea mafuta, nilimwomba atie viungo. Akanitazama kwa huruma. "Dada, samaki huyu jana usiku alikuwa anaogelea. Chumvi na ndimu." Alikuwa sahihi. Saa mbili asubuhi, tumesimama, ugali wa moto mkononi, nyama ya samaki inaachana na mfupa kwa vipande vikubwa vyeupe: huo ndio mlo bora wa baharini nilioupata safari nzima, na nililinganisha na mingine iliyogharimu mara tatu yake.

Angalizo: sakafu ni ya maji, vaa ndala za mpira au viatu vya kufungwa visivyoteleza. Simu ishike vizuri. Na usipige picha ya mtu kabla hujamsalimu. Ukimsalimia, wengi wanakuachia.

Tulivuka na kivuko kwenda Kigamboni, shilingi 200, tukanywa madafu, mvua ikarudi, tukarudi.

Jioni wifi alinipeleka Addis in Dar, mgahawa wa Kihabeshi ulioko Mtaa wa Ursino, Mikocheni. Nilisita mwanzoni, kwa sababu safari yangu ilikuwa ya chakula cha pwani, lakini Dar ni bandari na vyakula vya watu wengine ni sehemu yake. Sinia moja kubwa, injera, ule mkate wao mwembamba wenye uchachu, imetandazwa chini, juu yake kuku wa doro wati, yaani mchuzi mzito wa pilipili, na yai lake, dengu nyekundu, shiro ambayo ni rojo la unga wa dengu, na majani ya mboga. Wote mnakula kwa mkono kutoka sinia moja, kama sisi tunavyokula shughulini. Nilichokipenda zaidi ni uchachu wa injera. Unga wa tefu unaachwa uchachuke kwa siku kadhaa kabla ya kumiminwa kwenye kikaango, na siku hizo zinasikika mdomoni. Huwezi kuipika kwa sababu mteja kaingia. Ilibidi mtu aikumbuke katikati ya wiki. Kwa watu wawili sinia linatosha na kubaki, msiagize mengi.

Jumapili: supu, mihogo, na mlo wa ghali

Saa moja asubuhi tulikuwa Vingunguti, karibu na machinjio. Supu ya makongoro na utumbo, chapati mbili, ndimu, pilipili ya kupondwa: 4,000. Madereva wa malori wanakunywa bakuli la pili bila kuketi. Kufikia saa nne kilichobaki kwenye sufuria ni maji ya moto na kumbukumbu ya nyama, kwa hiyo usiende baada ya kanisa, nenda kabla.

Mchana tulilala. Saa kumi tukaita gari, tukapita Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022 na kukatiza juu ya maji kutoka upande wa Aga Khan, tukashukia Coco Beach. Jumapili jioni pale mji mzima unakuja kupunga upepo. Watoto wanakimbilia maji na nguo zao za kanisani, vijana wanacheza mpira kwenye mchanga uliobaki, na kila penye kivuli kuna karai la mihogo.

Mihogo ya Coco nilikuwa nimeisikia mpaka nikadhani imetiwa sifa tu. Haikuwa hivyo. Siri yake, nilivyoiona, ni kwamba inachemshwa kidogo kwanza, inapoa, ndipo inapokaangwa, hivyo nje inakuwa na ganda na ndani inafunguka kama unga. Inapasuliwa katikati, inapakwa pilipili ya ukwaju, juu yake kachumbari. Sahani 2,000. Mama aliyetuuzia alikuwa anakaanga machache machache, na watu wanasubiri. Nilimuuliza mbona asijaze karai akawahi. Akajibu kwamba muhogo uliokaa dakika kumi ni kuni. Tuliongeza sahani mbili, na mishkaki miwili miwili, jua likizama nyuma yetu upande wa mji.

Usiku, kwa kuwa nilijiwekea akiba ya mlo mmoja mkubwa, tuliingia kwenye mgahawa mmoja wa rasi ya Msasani, ambao sitautaja jina. Orodha ya vyakula ilikuwa kitabu chenye picha: piza, biriani, tambi, kamba, nyama ya Kichina. Tulisubiri saa nzima na ushee. Biriani niliyoagiza ilikuwa imepashwa moto. Wali umekauka ukingoni na ukalowana katikati. Tulilipa 78,000 na vinywaji. Wahudumu walikuwa wapole na viti vilikuwa vizuri, nami sina neno na viti. Lakini jiko linaloahidi kila kitu kwa kila saa haliwezi kuwa tayari kwa chochote, na nilitoka pale na huzuni ya kweli, nikifikiria samaki wa Feri aliyeliwa tumesimama.

Jumatatu: Kariakoo tena, na Magomeni hatimaye

Siku ya manunuzi. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, lakini viungo havikuwahi kukosa mahali. Mitaa inayolizunguka imejaa iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba. Nilinunua kwa mzee mmoja aliyenikataza kuchukua binzari ya kusagwa. "Mama, chukua nzima, ukaisage mwenyewe siku ya kupika. Hii ya kusagwa mimi mwenyewe sijui ina siku ngapi." Mfanyabiashara anayekuzuia kununua bidhaa yake ni mtu wa kurudi kwake. Nilirudi kabla ya kuondoka mtaani nikaongeza iliki.

Saa saba tulikula kwa mama lishe nyuma ya maduka: wali, maharage ya nazi, mchicha, kipande cha kibua, 3,000. Maharage yale yalikuwa na tui zito lililotiwa mwishoni kabisa, halijakatika. Hakuna la kuongeza.

Jangwani palikuwa pamefunguliwa, tope likiwa limekauka kando ya barabara, tukavuka kwenda Magomeni saa mbili usiku kumtafuta pweza. Anauzwa kwenye meza ndogo yenye taa, pweza amechemshwa akawa mwekundu, mkono wake unakatwa vipande vidogo mbele yako, unachoma kwa kijiti na kuchovya kwenye pilipili. Supu yake inatolewa kwenye glasi. Kila aliyesimama pale alikuwa mwanamume, na kwa sekunde mbili tatu maongezi yalisita tulipofika. Halafu mzee mmoja akasogea, akasema "Wapisheni dada zenu," na mwenye meza akatukatia kipande cha kuonja kabla hatujauliza bei. Vipande ni 500, glasi ya supu 1,000. Supu ina chumvi ya bahari, tangawizi, na uzito ambao sikuutegemea kwenye kitu chenye maji kiasi kile. Yule mzee alitulipia ya pili na hakutaka mjadala.

Hatua chache mbele kulikuwa na muuza kahawa na birika lake juu ya makaa. Kikombe 200, kashata ya karanga 200. Tulikaa kwenye benchi lao mpaka saa nne, wakibishana kuhusu Simba na Yanga, na hakuna aliyetuuliza tunaondoka lini.

Jumanne, na Ijumaa iliyofuata

Treni ya asubuhi, viungo kwenye begi la mkononi, vitunguu vya mama wa Kariakoo juu kabisa visivunjike.

Alhamisi usiku nilikaanga vyangu. Vya kwanza viliungua, vya pili vilifanana. Ijumaa nilipika sufuria moja tu, nikabandika karatasi mlangoni: biriani kuanzia saa saba, ikiisha imeisha. Wali niliupika kwa mafuta ya vitunguu, nikaufunika kwa makaa. Ilipofika saa nane na robo sufuria lilikuwa tupu, na watu waliofika saa tisa nikawapa wali na maharage, wengine wakanung'unika. Yule mteja wangu wa wizarani, ambaye ndiye huanzisha maneno kila wiki, alimaliza sahani, akafuta mdomo, akasema sasa inakaribia, ila mtindi uongezwe. Wiki hii nimemwagiza mwenye ng'ombe wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, aniletee maziwa siku mbili mapema, yagande vizuri.